Uzi Hausemi Uongo

Kuna mafundi cherehani wanaopima watu kwa futi, halafu kuna Fundi Uzi.

Huyu mama, jamani, kwa miaka ishirini na sita hajawahi kumpima mtu kwa futi. Futi anayo, ndiyo. Ameifungia mlango wa banda la kuku. Ukienda kwake kushona anachukua uzi mnene wa pamba, anaushika begani kwako, anaushusha mpaka kwenye kifundo cha mguu, anaukata kwa meno. Huo ndio urefu wako. Halafu anakuzungushia: kifua, anapiga fundo. Kiuno, fundo. Nyonga, fundo. Ukijidai kumtajia namba zako anakukatiza hapohapo.

"Namba za nini? Mimi nashona mtu, sishoni simu."

Uzi wako ukiwa tayari, unatundikwa kwenye msumari wako. Nyuzi za wateja wa kila siku zinakaa kwenye mkebe, kila mmoja na kipande cha kitambaa chake. Lakini ikija shughuli kubwa, Fundi Uzi anatumia misumari ya ukutani, juu ya cherehani, imepangwa mstari kama meno. Msumari upi ni wa nani haandiki popote. Anao kichwani, na kichwa chake anakiamini kuliko benki.

Na nguo yake haijaribiwi. Thubutu! Kuomba kujaribu ni sawa na kuonja chakula cha mtu kwanza ndipo useme asante. "Utavaa siku ya shughuli," anasema. "Jicho linadanganya, kioo kinadanganya, watu ndio usiseme. Uzi hausemi uongo."

Sasa mwaka huo ikaja shughuli ya shughuli zote. Binti yake wa pekee, Kipipi, alikuwa anaolewa.

Kipipi jina lilimfuata tangu utotoni kwa sababu ni mdogo, mtamu, na ukimkosea anakung'ang'ania kwenye meno. Alikuwa anafanya kazi mji mwingine, na huko ndiko alikompata bwana harusi, kijana mmoja fundi wa miwani. Mama yake alipigiwa simu kuambiwa kuna posa. Aliweka simu chini, akaingia chumbani, akavuta sanduku chini ya kitanda.

Ndani ya sanduku kulikuwa na lesi.

Lesi nyeupe, ya miaka tisa. Alianza kuinunua kipande kwa kipande Kipipi akiwa bado anavaa sare za shule. Pindo la chini alilifuma mwenyewe kwa mkono, vijani, yaani majani madogomadogo ya uzi, mia mbili na arobaini, kila Jumapili vijani viwili vitatu, mpaka macho yakamtoka machozi. Nondo walilipita hilo sanduku kwa adabu. Fundi Uzi hakuwa na makuu maishani. Hakutaka nyumba ya ghorofa. Alitaka kitu kimoja tu: siku moja mlango wa ukumbi ufunguke, Kipipi aingie ndani ya ile lesi, na yeye mama mtu akae kiti cha mbele aone.

Basi Kipipi alipokuja likizo, mama akawapima watu saba. Kipipi wa gauni jeupe, msumari wa kwanza. Wengine sita sare za bluu, mshono mmoja wote: yeye mwenyewe Fundi, Bibi mama yake, Shangazi yake Kipipi ambaye akikaa kwenye kochi mwenzake anahama, mama wa bwana harusi, dada wa bwana harusi, na Mpiga Pasi, jirani wa miaka yote.

Dada wa bwana harusi walimwita Mlingoti. Yaani yule dada ni mrefu mpaka mvua inamkuta yeye kwanza. Siku ya kupimwa Fundi alipanda kigoda.

"Mama, usihangaike," Mlingoti alimwambia, amejikunja kwa aibu. "Nguo zote kwangu zinaishia hapa." Akagusa katikati ya goti na kifundo. "Nimeshazoea."

"Umezoea kwa mafundi wa futi," Fundi akasema kutoka juu ya kigoda. "Simama wima, mwanangu."

Zikawa nyuzi saba, misumari saba. Safi kabisa.

Wiki iliyofuata mume wake akaamua kupaka chumba rangi. Yeye ni mpaka rangi kwa kazi, wanamwita Baba Rangi, na ni mtu wa utaratibu kupita kiasi. Vijiko vya nyumba ile vyote vinatazama upande mmoja. Alitaka wageni wa harusi wakute ukuta unang'aa. Mke wake alipoenda kununua zipu, akashusha kila kitu, akapaka, akasubiri pakauke, akarudisha kila kitu. Fundi Uzi aliporudi akakuta ukuta wa rangi ya maziwa, misumari saba, nyuzi saba zinaning'inia.

"Umenifurahisha, Baba Kipipi," akasema. Na mzee wa watu akatabasamu siku nzima.

Akaanza kushona. Alishona huku anaimba, akashona huku anagombana na kuku. Siku mbili kabla ya harusi akapeleka nguo kwa Mpiga Pasi, mama mwenye pasi ya mkaa na mdomo wa umeme. Mpiga Pasi akalitandaza lile gauni jeupe ubaoni, akasukuma pasi, akasukuma, akasukuma.

"Fundi, hebu njoo. Ubao umeisha, gauni halijaisha."

"Atavaa viatu virefu."

"Viatu gani, ngazi?"

"We piga pasi."

"Haya. Na hili la Bibi? Maana humu ndani Bibi anaingia na kitanda chake."

"Bibi anapenda nafasi. Mpiga Pasi, nikuulize, nani hapa mwenye uzi?"

"Wewe."

"Uzi unasemaje?"

Mpiga Pasi akapumua. "Uzi hausemi uongo," akajibu kama mtoto wa chekechea, akaendelea na kazi yake.

Kipipi alifika jioni ya kuamkia harusi, amechoka na safari, akala, akalala kama gunia. Kesho yake saa sita mchana wanawake saba walijifungia kwenye chumba cha cherehani kuvaa. Gari lilikuwa linakuja saa saba na nusu. Ukumbi saa nane. Kulikuwa na poda hewani, mtu amekalia kitana cha mtu, kila mmoja anauliza pini ziko wapi na pini ziko mdomoni mwake.

Wa kwanza kuvaa alikuwa Bibi. Aliinua mikono, wakamvisha, akapotea.

"Nani kazima taa?" sauti ikatoka ndani ya kitambaa.

Walimtafuta Bibi mle ndani kama mtu anayetafuta simu kwenye mkoba. Kichwa kikatokea kwenye shingo ya gauni, na bega moja likatokea nalo, na la pili pia. Kabla hawajacheka vizuri, upande wa pili Shangazi akapiga kelele. Alikuwa amekwama. Mikono juu, gauni limefika kwenye makwapa likagoma, yuko vilevile kama mtu aliyesimamishwa na polisi.

"Nivueni! Nivueni nisije nikazaliwa upya!"

Mpiga Pasi akajitazama, mikono yake ya sare iliishia kwenye viwiko. Mama wa bwana harusi, kwa heshima zake zote za mkwe, alikuwa anasema pole pole, "Mkwe wangu, nafikiri pumzi imebaki nje." Fundi mwenyewe hakuwa amejaribu la kwake, si mnajua mganga hajigangi, akavaa haraka, akakanyaga pindo, nusura abusu kabati. Na kule pembeni Mlingoti alikuwa amesimama kimya, sare yake imemfika juu ya magoti kama shati, anajaribu kuivuta kwa adabu isionekane kuwa anaivuta.

"Ni sawa tu, Mama," akasema. "Nimeshazoea."

Fundi Uzi hakumsikia. Alikuwa anamtazama Kipipi.

Kipipi alikuwa katikati ya chumba ndani ya lesi ya miaka tisa. Mabega ya gauni yalikuwa kwenye viwiko vyake. Kiuno kilikuwa kwenye mapaja. Vile vijani mia mbili na arobaini vilikuwa vimelala sakafuni duara zima, kama bwawa la maziwa, na Kipipi katikati yake kama kijiko kilichozama.

Hata kuku nje alinyamaza, wallahi.

"Mama," Kipipi akasema, "hii ni ya nani?"

Hapo mlangoni kukabishwa hodi taratibu. Alikuwa Baba Rangi, nje, anapiga viatu brashi na masikio yamesimama.

"Mama Kipipi," akasema kupitia mlango, "samahani. Zile nyuzi… siku ile nilizishusha nipake rangi."

"Nyuzi zipi?"

"Za ukutani. Nikazirudisha."

"Ulizirudisha *vipi*?"

Brashi ikaacha.

"Kwa urefu," akasema. "Mrefu mbele, mfupi nyuma, kama ngazi. Zilipendeza sana! Nikajua umeona. Si ulinisifia?"

Shangazi, bado mikono juu, akasema, "Kaka yangu huyo. Alipanga hata mbuzi wa baba kwa rangi."

Basi ikaeleweka. Uzi mrefu kuliko zote ulikwenda msumari wa kwanza, wa bibi harusi. Na kila nguo mle ndani ilikuwa imeshonwa sawasawa, hakuna kosa hata la ukucha, isipokuwa kila nguo ilikuwa ya mwenzake. Mpiga Pasi ndiye aliyeanza. "Hili la Bibi si la kwako, Shangazi? Bibi, toka humo!" Ikawa vua vaa, vua vaa, magauni yanapita juu ya vichwa. Shangazi akaingia kwenye la Bibi kama mkono kwenye glovu. La Shangazi likamkaa Fundi. Mkwe akapata pumzi kwenye lile alilojikwaa nalo Fundi. Lililombana mkwe likawa la Mpiga Pasi, na la Mpiga Pasi la Bibi. Kila likikaa mahali pake wote wanapiga makofi. Kipipi akavuta ile sare fupi ya Mlingoti, akaivaa, akageuka mbele ya kioo.

Ilimkaa kama ngozi ya ndizi kwenye ndizi.

"Haya," akasema. "Mimi nimepata."

Likabaki gauni moja na mtu mmoja. Wote wakamgeukia Mlingoti, ambaye alikuwa amejifunga shuka.

"Mimi nitavaa nililokuja nalo," akasema upesi. Alilokuja nalo lilikuwa na mchuzi kifuani, Bibi alimmwagia asubuhi.

"Hebu livae kwanza tuone," Kipipi akasema. "Kuona tu, wifi."

Wakamsaidia kupitisha kichwa. Lesi ikashuka. Ikashuka begani ikatulia, ikashuka kiunoni ikashika, ikaendelea kushuka, na hakuna aliyepumua, mpaka vile vijani vikagusa juu ya miguu yake na kusimama hapo, si chini zaidi, si juu zaidi. Mlingoti akainamisha kichwa. Akatazama chini muda mrefu.

"Mama," akasema kwa sauti ndogo, "vifundo vyangu vimekwenda wapi?"

Fundi Uzi akachukua mkasi.

"Vua," akasema. "Vua, mwanangu, tukate. Nina saa nzima. Nakata chini, napunguza mabega, nakaza kiuno, Kipipi atavaa."

Mlingoti akaanza kuvua palepale. Ila mkono wake ulipita kwenye lesi mara moja, kutoka kiunoni kushuka, vile mtu anavyomuaga paka wa jirani anayempenda.

"Mama, usikate," Kipipi akasema.

"Miaka tisa, Kipipi!"

"Najua."

"Hujui! Ulikuwa bado unavaa sare za shule! Mimi nilikuwa nakaa hapa Jumapili, kijani kimoja, kijani kingine, nakuona unaingia mlangoni. Nimekuona unaingia mara elfu moja. Leo ndiyo siku yenyewe, halafu uingie na bluu? Kama wote? Watu waulize bibi harusi yuko wapi?"

Kukata chini ni kukata vile vijani vyote, na alijua, na wao walijua. Akaushusha mkasi. Akakaa kwenye rundo la vitambaa, akafunika uso kwa sare ya bluu, akalia kwa sauti, bila kujali poda.

Kipipi akakaa naye kwenye rundo. "Mama, mimi naolewa na mtu. Lesi ilikuwa ya kwako wewe na mimi. Tayari umeshanivalisha mara elfu moja, si umesema? Leo nivalishe mara moja hii ya bluu. Wewe si ndiye uliyeishona?"

"Ndiyo."

"Kwa uzi wangu?"

"…Kwa uzi wako."

"Mbona kama inanikaa vizuri?"

Fundi akafuta pua. Akaitazama ile sare kwa jicho la kazi, akamgeuza mtoto kwa bega, akapitisha kidole kiunoni. Hakukuwa na pa kuingiza hata sindano.

"Inakukaa," akakubali kwa shida.

Hapo ndipo Bibi, ambaye muda wote alikuwa anahangaika na vifungo vyake, akauliza, "Kwa hiyo kuna gauni au hakuna harusi?" na chumba kizima kikapasuka. Shangazi alicheka mpaka mshono ukalalamika. Fundi alikataa kucheka, akabana midomo, akageukia ukutani, akaziona zile nyuzi zimepangwa mrefu mbele mfupi nyuma, kama ngazi, zimependeza kwa kweli, na kicheko kikamtoka puani na machozi yakiwa bado yanatiririka.

Wakamvisha Kipipi shela, maana shela haina kipimo. Mlingoti wakamfunga mshipi wa bluu kiunoni ili watu waelewe kwamba yeye siye.

Watu hawakuelewa.

Mlango wa ukumbi ulipofunguka, mshereheshaji akaona jeupe, akaona refu, akashika kipaza sauti. "Bibi harusi huyooo! Simameni! Hebu oneni kimo hicho, bwana harusi atabusu kwa ngazi!" Ukumbi mzima ukasimama. Mpiga picha akaruka mbele ya Mlingoti, kamera pa pa pa, picha arobaini. Mlingoti akajaribu kujificha nyuma ya Kipipi. Fikiria mwenyewe, mti umejificha nyuma ya ua.

Fundi Uzi alikuwa kiti cha mbele. Moyo ulikuwa unamchoma kama sindano iliyosahaulika kwenye pindo. Si nilisema, aliwaza. Si nilisema wataniuliza bibi harusi yuko wapi.

Bwana harusi akageuka. Akamwona dada yake.

"Dada! Unaolewa na nani?"

Ukumbi ukafa kwa kicheko. Lakini yeye hakusimama hata kidogo. Alipita pembeni ya ile lesi yote, akamfuata wa bluu, akamshika mkono Kipipi. Mshereheshaji akamwambia kwenye kipaza sauti, "Bwana, una hakika? Angalia vizuri," naye akajibu, "Kaka, mimi kazi yangu ni macho."

Na Kipipi akacheza! Katika ndoto za mama yake, ndani ya ile lesi, Kipipi alikuwa anatembea tu, polepole, kama sanamu. Mama mtu hakuwahi kumwota anacheza. Sasa alikuwa anainua mikono, anainama, anazunguka na Bibi, sare ya bluu inamfuata kila anakokwenda. Fundi Uzi akatazama wimbo mmoja. Wimbo wa pili akaguswa bega. Alikuwa Baba Rangi, ameshika sahani mbili, uso wa mtu anayesubiri hukumu.

"Umenikasirikia?"

"Sana."

"Mpaka lini?"

"Mpaka wimbo huu uishe," akasema, akampokonya sahani, akamvuta kati kucheza.

Wiki moja baadaye Mlingoti alikuja nyumbani na mfuko. Gauni limefuliwa, limekunjwa. Akakikuta chumba cha cherehani kina mambo mapya: chini ya kila msumari Baba Rangi alikuwa amechora picha ndogo kwa brashi nyembamba. Pipi. Pasi. Kochi, la Shangazi. Kwenye msumari wa sita mlingoti mwembamba wenye bendera. Nyuzi zote zimerudi kwao.

"Nimeleta, Mama," Mlingoti akasema. "Sasa una nafasi. Kata tu, Kipipi avae apige hata picha."

Fundi akapokea. Akalitandaza mezani, akalinyoosha. Akanyoosha mkono msumari wa sita, akashusha uzi, akaulaza juu ya lesi. Fundo la kifua likakaa kwenye kifua. La kiuno, kiunoni. La nyonga, nyongani. Ncha ikaishia kwenye kijani cha mwisho kabisa.

Akaupitisha mara ya pili, taratibu, kama mtu anayesoma barua.

"Kipipi keshaolewa na gauni lake," akasema. "Kesho anaenda nalo kazini, ameniambia. Hili ni lako."

"Mama, hapana, hii lesi…"

"Uzi unasemaje?"

Mlingoti akautazama uzi.

"Nimekuuliza, mwanangu. Uzi unasemaje?"

Mlingoti akapitisha kidole kwenye kijani cha mwisho. Fundi akamwambia livae basi, alione kwa mwanga wa mchana, siku ile kulikuwa na kelele. Akalivaa. Akaambiwa tembea. Akatembea chumbani, akatembea barazani, na kwa vile hakuna aliyemwambia avue, akaaga nalo. Akainama chini ya kizingiti kama kawaida yake, akatoka barabarani mchana kweupe na lesi ya miaka tisa, kuku wakampisha.

"We! Mlingoti!" Fundi Uzi akamkimbilia mlangoni, mkasi mkononi. "Inua pindo, kuna vumbi!"

Mlingoti akasimama katikati ya njia. Maisha yake yote hakuna mtu aliyewahi kumwambia ainue pindo. Akainama, akalishika kwa mikono miwili, akaliinua, akaenda nalo mpaka kwenye kona huku anacheka peke yake.